Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Manka alinipigia simu nikiwa nasahihisha. Kila mwaka majira haya meza yangu hujaa tafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya biashara, na mimi hukaa na kalamu nyekundu na chupa ya chai nikichora mistari. Dakika hiyo nilikuwa nimemwandikia kijana mmoja pembeni mwa ukurasa, "Ulimwahidi nini mhojiwa wako? Umetimiza?" Ni swali ninalowauliza wote, nao wananiogopa kwa ajili yake, wanasema mama huyu kwenye maadili ya utafiti hana mchezo. Simu ikaita, sauti ya mwanamke ikasema, "Dada Resti, ni Manka. Wa kule juu Mwika. Mama amefariki. Tunazika Jumamosi, na mwenyewe alisema uitwe." Nikasema pole, nikauliza aliumwa nini, nikauliza misa ni saa ngapi, yale maswali ambayo mtu huuliza ili asikae kimya. Kisha nikasahihisha tafiti mbili zaidi, nikamfelisha mmoja. Nayasema haya mapema ili usinitarajie kuwa mtu mwema. Hii ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka niliomaliza chuo, na wazazi wangu na ukoo wangu hawahusiki humo hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na kati yangu na joho kulikuwa kumebaki kitu kimoja: utafiti. Wenzangu walichagua mada za mjini. Waligawa hojaji kwenye maduka na ofisi za Moshi, wakarudi hosteli kula chipsi na kujazia wenyewe zile ambazo hazikurudi. Mimi nilijiona mjanja zaidi yao, nikachagua wanawake wanaopika mbege, pombe ya ndizi, katika kijiji kimoja juu ya Mwika. Mbege haikai. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa pipani siku kadhaa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Kesho yake pombe ni tamu, keshokutwa ni kali, siku ya tatu ni siki ya kumwagia ng'ombe. Wakipika wanawake wawili wa mtaa mmoja siku moja, mmoja atamwaga. Kwa hiyo wanawake wa kijiji kile, kumi na wanane, sita kwa kila mtaa, walikuwa wamegawana siku za wiki ukiacha Jumapili. Leo ni ya huyu, kesho ya yule, na mwenye siku alifunga jani la mgomba kwenye kijiti njiani ili watu wajue pombe iko wapi. Hapakuwa na karatasi wala daftari. Nikaandika kichwa kirefu chenye maneno kama "mkakati" na "soko lisilo rasmi", nikapata barua ya chuo, nikapanda mlimani.

Nilikaa kule wiki tatu, na mtendaji wa kijiji alinipangia nyumba ya Mama Manka, mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kushika kiuno na kuinamisha kichwa upande mmoja kila anapotaka kusema jambo la dharau. Manka ndiye aliyekuwa mwanaye pekee, darasa la tano, na tulilala naye kitanda kimoja, kichwani magunia ya ulezi, miguuni ukuta wa mbao ambao ng'ombe aliusugua kutoka upande wa pili. Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko chumba chochote nilichokaa baadaye. Kilinuka ulezi, moshi na maziwa. Julai kule ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, na Mama Manka alinipa blanketi lake, yeye akalala na koti la marehemu mumewe. Asubuhi nilikuta mtori, supu ya ndizi na nyama, mezani, mchana kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na siku aliyoona nimekonda akanichemshia maziwa ya mtindi na ndizi akanisimamia hadi nimalize. "Kula, msomi. Maswali yako hayo yote yanatoka tumboni." Sijawahi kulishwa namna ile na mtu ambaye hakuwa akinidai kitu.

Shida ni kwamba utafiti wangu haukuwa na kitu. Niliwahoji wanawake kumi na tatu, na wote kumi na tatu walisema maneno yaleyale, kwamba tunakwenda kwa zamu, zamu ni haki, hakuna anayevunja. Mwishoni mwa wiki ya pili nikateremka Moshi kumwonyesha msimamizi wangu. Tulimwita Kalamu Nyekundu, na ndiyo, najua ninachoshika mkononi siku hizi. Alisoma kurasa zangu akiwa anakula karanga, akipuliza maganda kwenye hojaji. "Wamekubaliana, wanapendana, Mungu mkubwa," akasema. "Hii ni risala ya harusi, siyo utafiti. Kipya kiko wapi? Katika soko lolote kuna anayeiba. Kama hujamwona, wewe ni kipofu au ni mvivu. Usirudi hapa mpaka umempata." Kulikuwa na wanafunzi wengine wawili wakisubiri kwenye benchi na walicheka. Nililia chooni, nikanunua mkate na sukari ya kumpelekea mwenyeji wangu, nikarudi juu.

Sikuhitaji kumtafuta. Kesho yake, mchana, nilikuwa chumbani naandika, nikasikia wazee wawili wakiongea upande wa zizi, sauti za chini kama za watu walio kanisani. Mmoja akasema, "Ile iliyofungiwa jani leo ni maji ya kuoshea vyombo." Mwingine akajibu, "Ndiyo maana tukaja huku, meku. Nyamaza unywe." Meku ni mzee. Siku hiyo haikuwa zamu ya Mama Manka. Yeye zamu yake ilikuwa Alhamisi. Alipoingia jikoni nikamfuata nikakaa kwenye kigoda, na kwa sababu alikuwa bado hajahojiwa nikafungua daftari, nikamuuliza lile swali la zamu nililowauliza wote. Akaniangalia, akacheka. Alijua kwamba nimesikia. Pipa la pili lilikuwa nyuma ya zizi, akasema, limefunikwa na majani ya ng'ombe, na wanaolijua ni wazee wachache wenye midomo mizito. Nikamuuliza kwa nini. Nilitarajia ada ya shule, ugonjwa, ujane. Akashika kiuno, akainamisha kichwa. "Zamu ni ya wasiojua kupika, mwanangu. Mimi nikisubiri zamu, si ni sawa na mwenye macho kusubiri vipofu wamwonyeshe njia?" Ilikuwa ni majivuno tu. Alikuwa mpishi bora kuliko wote, alilijua hilo, na kukaa siku sita bila kupika kulimuuma. Kisha akanipa kijiko cha mtori nionje, akafunika sufuria akasema, "Hiyo usiiandike." Nikasema, "Mama, sitaandika jina lako. Jina halitoki." Yeye alisema usiandike. Mimi nikamjibu kuhusu jina. Tofauti hiyo niliijua palepale, nikiwa na kijiko chake mdomoni.

Niliandika kila kitu. Mhojiwa namba kumi na nne, mjane, pipa la pili nyuma ya zizi, na maneno yake yote kati ya alama za kunukuu, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza, maana Kalamu Nyekundu alipenda sauti ya mhojiwa isikike. Alipoisoma Sura ya Nne aliacha karanga. "Huyu sasa ni mtu," akasema. "Huyu ndiye utafiti wako." Alinipa mkono, na mbele ya benchi lilelile. Nilikwenda steshenari kutia jalada gumu jeusi lenye herufi za dhahabu nikiwa natembea kama niliyekabidhiwa mji. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimshukuru Mungu, wazazi, msimamizi, mtendaji wa kijiji, mchapaji wa steshenari, na wenzangu wa chumba namba saba. Mama Manka sikumtaja. Nilisita kidogo, kisha nikajiambia kwamba nikimshukuru kwa jina watu watamtambua. Nilijisikia mwadilifu sana.

Mwaka huo chuo chetu kilikuwa kimeanza utaratibu wa mrejesho, kwamba mwanafunzi arudi kwa wahojiwa wake awasomee alichopata, na msimamizi awepo atie saini. Bila saini hakuna alama. Tukakutana katika darasa la shule ya msingi ya kijijini, siku ya soko ikiwa imekwisha, wanawake kumi na wanane kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mama Manka alikaa safu ya tatu na kitenge kipya, na miguuni alikuwa na kibuyu cha mbege aliyowaletea wageni, maana ilikuwa Alhamisi na siku ilikuwa yake. Kalamu Nyekundu alikaa pembeni na fomu. Nilianza vibaya, na akina mama wakaanza kupiga miayo na kuulizana habari za mifugo. Nikaona fomu haijatiwa saini. Nikaona pia, na hili ndilo ninalolificha hata kwa padri, kwamba sikupenda kuchoka kwao. Nilitaka wanisikilize. Nikafungua Sura ya Nne, nikasema, "Mhojiwa namba kumi na nne," na bila kupanga nikashika kiuno, nikainamisha kichwa upande mmoja, nikatoa sauti ya puani. Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mtu akapiga kelele, "Mama Manka huyo! Mama Manka kabisa!" Na yeye mwenyewe alicheka, mkono mdomoni, kama mtu aliyepigwa picha bila kujua na picha ikatoka nzuri. Nikaendelea na sauti ileile mpaka mwisho wa nukuu. Zamu ni ya wasiojua kupika. Vipofu. Pipa nyuma ya zizi.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikwisha safu baada ya safu, kadiri kila mmoja alivyoelewa. Mwenyekiti wao, Mama Aloyce, mwanamke mfupi aliyekuwa na zamu ya Jumatano, akainuka taratibu. "Mwalimu," akaniambia, na mimi sikuwa mwalimu bado, "hebu rudia hapo." Nikamtazama msimamizi wangu. "Soma, Restituta," akasema. "Mrejesho haurukwi." Nikasoma tena, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa tena na mchezo wa kujificha nyuma yake. Mama Aloyce akaitikia kwa kichwa. "Vipofu," akasema. "Haya. Aika." Aika ni asante. Wakatoka mmoja mmoja wakiniaga kwa adabu, na hakuna aliyegusa kibuyu. Kalamu Nyekundu akatia saini, akasema tuwahi gari. Nilipogeuka mlangoni, Mama Manka alikuwa bado kwenye dawati, magoti juu, akiniangalia bila hasira. Alikuwa anasubiri nimweleze. Nikapanda gari.

Hawakumpiga wala kumtukana. Walikwenda nyuma ya zizi wakapindua lile pipa, na Alhamisi wakampa mwingine. Hilo lingeweza kupita. Kilichofuata hakikupita. Kule juu, kwenye arusi, msiba au ubarikio, kila nyumba huleta mbege yake, na kunywa cha mtu ndiko kumkubali. Chombo chake kilipokelewa mlangoni kwa shukrani, kikawekwa nyuma ya jiko, na hakuna aliyechota. Jioni alikibeba kurudi nacho kikiwa kimejaa. Mtendaji aliandika barua chuoni kwamba kijiji kimevurugika na mtafiti aje asuluhishe, la sivyo wanafunzi wengine wasitumwe tena. Kalamu Nyekundu akanisukumia barua hiyo kwa ncha ya kidole. "Nenda kaimalize. Matokeo yako nimeyashikilia."

Kwa hiyo nilikwenda kuomba msamaha ili nihitimu. Kila Mchaga anajua unavyoombwa. Unachukua jani la sale, mmea ule tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu vya migomba na juu ya makaburi, unamkabidhi uliyemkosea, na akishaona sale hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuulia mtu. Ndiyo nguvu yake. Nilikuwa nimezaliwa nikilijua hilo, na nilikuwa nategemea hilo. Nilipofika karibu na nyumba ndipo nikakumbuka kwamba sikulibeba. Nilikuwa na mkate, sukari, na sketi safi, lakini sale sikuwa nalo. Ua wa Mama Manka ulikuwa wa masale, mstari mzima. Nikachuma moja kwenye kona, nikalifuta umande na kitambaa changu, nikaingia.

Alikuwa anamenya ndizi. "Shikamoo mama," nikasema, na nikapiga goti, na nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakuitikia marahaba. Aliliangalia jani, akatazama kona ya ua kupitia mlango uliokuwa wazi, akaliangalia tena. "Hili ni la kwangu," akasema. "Hata sale la kuniombea msamaha umechuma kwangu." Akafuta mikono kwenye kanga, kila kidole peke yake, akalipokea. "Nimepokea. Mila hainipi nafasi ya kukataa, na wewe ulilijua hilo ulipokuwa unapanda huku. Waambie wazee wako wa chuo tumepatana." Nikashukuru. Kisha akasema, "Umekula?" na akanipakulia kiburu, na mimi nikala. Nilikula chote na kijiko nikakilamba, kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Novemba nikavaa joho, na kwenye picha ninaonyesha meno yote.

Hayo niliyachukua pamoja nami Jumamosi ile nilipokwenda kumzika, miaka ishirini na mbili baadaye, na gari langu mwenyewe, mhadhiri mwandamizi. Padri alihubiri kwa ufupi kwa ajili ya mvua. Baada ya kaburi tukakaa chini ya maturubai migombani na vyombo vya mbege vikapangwa, vya kila nyumba, na Mama Aloyce, aliyekuwa sasa amepinda kama kisu cha kukatia majani, ndiye aliyekuwa akigawa. Akanipa kata. "Kunywa, mwalimu. Ila ya siku hizi si kitu. Hakuna aliyewahi kupika kama marehemu." Wazee waliokaa karibu wakaitikia, kweli, kweli, mkono ule haupatikani tena. Nikamuuliza, "Mama, mara ya mwisho mlikunywa yake lini?" Akachota kwa ajili ya mtu mwingine kwanza, bila haraka. "Wewe si ndiye uliyetusomea?" akasema. "Sisi tangu siku ile hatukuchota kwake, tungejuaje?"

Manka akanigusa bega. Ni mwanamke mrefu sasa, muuguzi, amechukua kiuno cha mama yake. Alinipeleka kwenye chumba kile chenye kitanda, ambacho hakina tena gunia la ulezi hata moja, akafungua sanduku akatoa kitabu cheusi chenye herufi za dhahabu. Ilikuwa nakala niliyoiacha ofisi ya kijiji. "Mama aliiomba kwa mtendaji," akasema. "Mimi Kiingereza nilikuwa bado sijui. Akasubiri. Nilipofika kidato cha tatu akasema sasa nisomee, chote, kuanzia mwanzo. Tulisoma likizo nzima. Yale ya namba kumi na nne nilitaka kuyaruka, akakataa, akasema hayo nayajua, niliyasema mwenyewe. Alichokuwa anatafuta ni kingine. Kila ukurasa aliuliza, hapo mimi nipo? Wapi pameandikwa kwamba alikaa kwangu, alikula kwangu? Nikamrudisha kwenye ukurasa wa shukrani. Nikamsomea majina yote. Jina la yule mchapaji wa steshenari mama alinifanya nilirudie."

Nikaanza kueleza. Nilisema ilikuwa kwa ajili ya kulinda siri yake, nikasikia maneno yangu yenyewe yakitoka kwa sauti ninayotumia darasani. Manka akangoja nimalize. Kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa huohuo wa shukrani, na katikati palikuwa na jani la sale, kavu, la rangi ya udongo, limeacha alama yake kwenye karatasi.

"Alilitunza," nikasema, na Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilifurahi.

"Alilitunza ili akurudishie," Manka akasema. Alilichukua kwa mikono miwili, akaninyooshea, kama inavyotakiwa. "Ameniagiza maneno, niyaseme kama alivyoyasema. Alisema, nilipokuwa hai mila ilinishika mkono, sikuweza kukataa. Mkishanifukia, mrudishieni lake. Mwambieni nimekataa."

Nje walikuwa wanaimba na Mama Aloyce alikuwa anaita watu waje wachote kabla haijachacha. Nikalipokea. Na mimi sikuwa na nafasi ya kukataa.